Mipapai ya Meripa

6 Novemba

Mwanangu Fuatino, kabla ya yote pokea salamu. Mimi mama yako Siniva nakusalimu, mzima kiasi. Baba yako Uelese anakusalimu, mgongo bado unamsumbua, yupo hapa kando yangu anajifanya amelala, hasomi. Bibi yako Salilo anakusalimu sana, anauliza huko Australia kama mnapewa magimbi au mnashibishwa mkate tu. Mdogo wako Pepe anakusalimu, jino la mbele limeng'oka. Jirani yetu Meripa anakusalimu, anasema ukipata mchumba huko shambani umwambie yeye kwanza, mimi baadaye. Baba yako mkubwa Sakaria naye ameleta salamu kutoka Auckland. Hata yule nguruwe jike anakusalimu, amezaa.

Uliniambia, "Mama, barua zako zote zinasema sote wazima, hata nyumba ikiungua. Andika kila siku, hata mstari mmoja, mpaka msimu wa matunda uishe." Basi naandika. Shemeji wa mchungaji anasafiri kuja huko Februari, nitampa yeye. Kwenye simu ya Jumapili siwezi kusema kitu, nyumba nzima inasikiliza na bibi yako anajibu kabla yangu.

9 Novemba

Mvua. Vifuu vimelowa, moto umegoma, tumekamua mafuta ya nazi kidogo.

14 Novemba

Leo tumekamua vizuri. Mimi kwenye bati la moto na mwiko wangu, Meripa kwenye mbuzi anakuna, mwenyekiti wetu Sose kwenye mashine. Unajua nazi iliyokunwa ikikauka sawasawa inavyolia chini ya mwiko, kama mchanga mkavu. Hapo ndipo inaingia kwenye silinda ikiwa bado moto, mpini unashushwa, na mafuta yanatoka meupe kama maji ya kisima.

Leitu, yule binti wa shirika, alikuja kutoka Apia kuchukua madumu. Akarudia somo lake, nasi tukamsaidia kulisema kama watoto wa shule ya Jumapili: wale wanaonunua mafuta yetu wanayataka kwa sababu ardhi yetu ni safi, basi mashamba yasiguswe na mbolea ya dukani wala dawa ya magugu. Familia itakayoonekana na dawa, ardhi yake inatoka kwenye kikundi miaka mitatu. Mkaguzi atakuja Januari.

Meripa akasema, "Binti, mimi mjane, dawa yenyewe nitainunua kwa nini? Kwa meno?"

Sose akacheka mpaka akaachia mpini.

Nilifurahi leo. Kabla ya mashine hii kuwekwa bandani kwetu, nazi zilikuwa zinaota chini ya miti na nguruwe ndio waliofaidi. Sasa hata Meripa, tangu mumewe azame, amesimama kwa nazi zake mwenyewe. Haombi kwa mtu.

19 Novemba

Jumapili. Ulipiga. Ulimwambia baba yako kwamba huko chini ya mizabibu hamlimi, anapita mtu mmoja na pampu mgongoni, asubuhi moja kazi imekwisha. Alikuuliza mara mbili jina la dawa. Nilidhani anaongea tu ili asikate simu, maana baba yako hapendi kukuaga.

23 Novemba

Sakaria ameleta habari. Anakuja Krismasi na mkewe na watoto kujenga upya kaburi la babu yako, kwa vigae kutoka Auckland. Bibi yako ameimba siku nzima.

24 Novemba

Mvua.

27 Novemba

Mvua, na majani yameota kama yameitwa. Pale mbele ya nyumba makaburi hayaonekani. La babu yako, la shangazi, la yule mtoto wangu wa kwanza, yote yamezama. Bibi yako amekaa barazani anasema kwa sauti ili barabara nzima isikie: "Mwanangu atoke ng'ambo akute baba yake amelala msituni kama nguruwe pori."

Baba yako akachukua panga, akainama mara tatu, ya nne hakuinuka. Nilimkanda kwa mafuta. Zamani angeita vijana, jioni moja tu kazi ingekwisha na chungu cha kakao kingetosha. Vijana gani sasa? Wote mko huko mnachuma matunda ya watu. Sikulaumu, mwanangu. Nasema tu jinsi kijiji kilivyo.

Nikamwambia, "Nitafyeka mimi na Meripa Jumamosi."

"Mwanamke wa nyumba nyingine afyeke kaburi la baba yangu? Sakaria ataniita nani?"

2 Desemba

Baba yako alikwenda Salelologa bandarini kwa basi la asubuhi. Karudi na kitu kwenye gunia. Hakuleta hata biskuti kwa Pepe.

8 Desemba

Fuatino, majani ya makaburini yamekuwa ya njano. Yote, kwa siku tano.

Nilimsubiri atoke kwenye sala ya jioni. "Baba Fuatino, majani yamekufaje?"

"Jua."

"Jua lipi? Tangu Jumapili sijakausha hata soksi moja."

Mimi nikiona baba yako amenyamaza najua jibu limeshafika mdomoni linatafuta mlango. Mwishowe akasema, "Leitu alisema mashamba. Kaburi si shamba. Makaburini hatuangui nazi."

"Lakini yapo kwenye ardhi yetu."

"Yapo kwenye ardhi ya wafu. Mama Fuatino, nani anakamua mafuta kutoka kwa baba yangu?"

Ungekuwepo ungecheka. Mimi pia nusura nicheke. Alisema kama mtu aliyeifikiria njia nzima kutoka Salelologa, naye anaamini. Lakini naogopa. Nikamwambia tumwite Leitu tumweleze sasa hivi kabla ya mkaguzi. Akasema tukimwita, mashine inaondoka bandani siku hiyohiyo, na kaka anakuja baada ya wiki mbili, na mama yake ameshaanza kuimba. "Mpaka Januari mvua imeosha kila kitu," akasema.

Sikumwita Leitu. Niliingia ndani nikakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

10 Desemba

Watu wakitoka kanisani wamesimama barabarani kuyasifu makaburi yetu. Yako wazi kama kichwa kilichonyolewa.

13 Desemba

Mvua. Meripa anasema mipapai yake ya mpakani inaangusha majani. "Wadudu gani hawa?" ananiuliza mimi. Ukuta wa mawe ndio unaotutenganisha. Nikamwambia labda mvua imezidi.

20 Desemba

Wamefika. Sakaria amenenepa, mkewe amekonda. Wameleta makopo ya nyama na vigae vyeusi vinavyong'aa. Mbele ya machifu wote waliokuja kumpokea, Sakaria alisimama akasema, "Mdogo wangu huyu peke yake, na mgongo mbovu, amefanya kazi ya wanaume kumi. Mtu anayemtunza baba yangu hivi, namwachia nyumba hii bila wasiwasi."

Baba yako alitazama chini. Watu walidhani ni unyenyekevu.

25 Desemba

Krismasi. Pepe ameshika sehemu yake kanisani bila kusahau hata neno. Mvua ilingoja mpaka tumekula.

4 Januari

Wageni wameondoka. Vigae vimefunika kila mahali, kuanzia ngazi ya nyumba mpaka ukutani. Hakuna hata jani moja la njano kwetu la kuonyesha.

Kwa Meripa mipapai sita imesimama kama vijiti. Ndizi za ukutani zimeinama. Upepo ulimpelekea yeye dawa, na mvua ikashusha yaliyobaki, maana sisi tuko juu yeye yuko chini. Naiona kila asubuhi nikifungua pazia.

9 Januari

Sijui nianzie wapi. Naandika hapa bandani.

Leitu alikuja leo kutangulia kabla ya mkaguzi. Alipita kwetu, akasifu vigae, akapita kwa Sose, akapita kwa Meripa. Akakaa huko muda mrefu. Kisha akatuita wote bandani, tukaketi kwenye mikeka, hata mbuzi za kukunia zilikuwa bado na nazi.

Akasema, "Mama Meripa, naomba usinikasirikie. Ile ni dawa. Nimeshaiona mahali pengine, inaua kwa mstari namna hiyo."

Meripa akacheka kwanza. Alidhani ni utani. "Dawa? Mimi hata maji ya sabuni naogopa kuyamwaga uani, nayabeba mpaka barabarani kama mwehu. Waulize hawa."

Hakuna aliyeulizwa. Ndipo Sose, mwenyekiti wetu, Sose aliyekula sahani moja na Meripa tangu shule, akasema, "Shoga, mtu peke yake anachoka. Sote tunaelewa. Lakini ungetuambia."

"Ningewaambia nini?"

"Kwamba umeshindwa."

"Nimeshindwa na nini, Sose? Na majani? Mimi niliyeshindana na bahari ikanirudishia kiatu kimoja cha mume?"

Mwingine akanong'ona kwamba mkwe wake Meripa anafanya kazi kwenye shamba kubwa upande wa pili wa kisiwa, pengine ndiye aliyeleta. Meripa akasikia. Akatutazama mmoja mmoja. Akafika kwangu.

"Siniva, wewe ndiwe jirani yangu. Ulimwona mtu yeyote ukutani kwangu?"

Fuatino, nilikuwa na mwiko mkononi. Nilikuwa nimeketi karibu naye, goti langu linagusa lake. Nikasema, "Sikumwona mtu."

Na ni kweli, sikumwona. Siku baba yako alipopulizia nilikuwa mtoni nafua. Nimejiambia hivyo tangu mchana. Haisaidii.

Leitu akasema ardhi ya Meripa imetoka, miaka mitatu, na nazi zake zisichanganywe na zetu. Alikuwa anataka kulia, ni binti wa rika lako. Meripa akaokota kanga yake, akaufuta ubao wa mbuzi yake taratibu kwa kiganja, akaondoka bila kutuaga.

10 Januari

Mvua.

11 Januari

Mvua. Sikula.

15 Januari

Mkaguzi alikuja, mzungu mrefu mwenye viatu vya mpira. Alipita kwetu. Akasimama kando ya makaburi akasema tunawaheshimu wazee wetu vizuri sana. Alitupasisha.

18 Januari

Leo nimekuna mimi na kukausha mimi, mahali pa Meripa pako wazi. Wenzangu wanasimulia habari zake kama za mtu aliyehama. Eti siku hizi anauza mboga kando ya barabara. Eti anajifanya hasikii akisalimiwa. Sose anasema, "Mwizi wa nazi anajulikana kwa kucha." Niliunguza nazi yote ya bati la pili. Ilitoka kahawia, tukawapa nguruwe.

Sose akaniuliza, "Wewe una nini siku hizi?"

Nikamwambia moshi.

21 Januari

Ulipiga. Ukaniuliza, "Mama, mbona sauti imekwenda?" Nikasema mafua. Bibi yako akakwambia sili.

22 Januari

Nimepeleka bakuli la magimbi na tui kwa Meripa. Amelipokea mlangoni, akalimimina kwenye sufuria yake, akaosha bakuli langu palepale na kunirudishia likiwa safi. Unajua maana yake. Jirani harudishi bakuli siku ileile likiwa tupu isipokuwa kama hataki lirudi tena.

24 Januari

Nimeshindwa. Baada ya chakula nilimwambia baba yako, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi, "Kesho nitamwambia Meripa."

"Utamwambia kwamba mumeo ni nani?"

"Nitamwambia mume wangu alikosea."

"Kaka alinisifu mbele ya machifu, Siniva! Unajua miaka mingapi nimekuwa mdogo wa Sakaria? Mara moja. Mara moja tu amesimama akanisifu." Machozi yalikuwa yanamtoka, Fuatino, na mimi nikamhurumia. Ni mtu mwema. Hajanipiga, hajaninyima. Akishika samaki wawili, mmoja wa Meripa tangu mumewe afe. Ndiyo maana siwezi kumwelewa. Alivumilia vipi kumwona Meripa akitoka bandani?

Akasema tena lile la kwake. "Nilipulizia kaburini. Kaburi si shamba."

Hapo ndipo bibi yako Salilo akaongea nyuma ya pazia. Tulidhani amelala. "Umempulizia nini baba yako?"

Akalivuta pazia.

"Uelese. Nakuuliza, mume wangu amelala chini ya nini?"

Baba yako akamweleza. Akamweleza yote, na mipapai pia, anatazama mkeka. Nilingoja bibi apige kelele, maana ndiye aliyetulilia barazani habari ya msitu. Hakupiga. Alikuja akaketi karibu na taa. Kisha akasema, "Mimi nilitaka kaburi safi. Nyinyi mmenipa kaburi tupu." Akaenda kulala, nasi tukabaki tunatazamana kama watoto waliovunja chungu.

26 Januari

Bibi amefungua sanduku lake. Ametoa ule mkeka mwembamba, wenye manyoya mekundu ukingoni, alioufuma akiwa msichana, aliotukataza hata kuugusa kwa sababu ni wa kuzikiwa. Ameuweka mbele ya baba yako.

"Kwa ajili ya mipapai?" baba akasema. "Mama, mkeka wa kuombea msamaha unatolewa mtu akiuawa."

"Mipapai itaota. Jina la yule mwanamke nani ataliotesha?"

27 Januari

Onyo la kimbunga kwenye redio. Tumefunga mapaa kwa kamba. Kimepita mbali. Nilikuwa naomba kitufikie ili nisiione siku ya kwenda kwa Meripa. Mungu anisamehe.

29 Januari

Naandika yote, maana utayasikia kwa watu na watu wataongeza chumvi.

Kabla ya jua tulikwenda kwa Meripa. Baba yako mbele amebeba kuni na mawe ya tanuri, kama inavyotakiwa, kwamba akitaka atupike sisi wenyewe. Akaketi chini uani kwake, akainamisha kichwa, mimi na bibi yako tukamfunika kwa mkeka, nasi tukaketi nyuma yake. Pepe nilimwacha kwa mchungaji.

Meripa aliamka. Tulimsikia. Alipiga kiberiti, akateleka kakao, harufu ikatufikia. Hakufungua pazia. Watu wakaanza kupita. Wa kwanza alisimama, wa pili akakimbia kuwaita wengine. Sose akaja na kitenge begani, akauliza kwa sauti, "Jamani, nani kafa?" Nikamwona akimtazama Uelese chini ya mkeka, akautazama ukuta, akatazama vigae vyetu ng'ambo ya ukuta. Akaketi chini kando ya barabara.

Mvua ikaja. Ile kubwa. Manyoya ya mkeka yakalala. Mabega ya baba yako yalikuwa yanatetemeka chini yake, mgongo ule ule mbovu, nami nikatamani nimshike lakini hairuhusiwi.

Pazia likafunguka. Meripa akatoka na mwavuli, akaja moja kwa moja kwa bibi yako. "Bibi Salilo, ingia ndani unywe kakao, utapata kichomi." Akamwinua. Kisha akatugeukia sisi. "Nyinyi wawili kaeni."

Tukakaa.

Mvua ilipopungua akatoka tena, bibi yako ameshamweleza yote. Akasimama mbele ya baba yako, hakuugusa mkeka. "Uelese," akasema, na kijiji kizima kinasikiliza. "Nyumba yangu na yako mtoto akitupa jiwe linafika. Nina mapanga mawili. Ulikuwa huna mikono, ukapanda basi mpaka Salelologa kwenda kununua dawa, na mikono yangu iko hapa inakuna nazi bandani kwako. Kwa nini hukuniita?"

Baba yako akasema kitu chini ya mkeka.

"Sikusikii."

"Niliona haya."

"Na mimi ulinionaje?"

Meripa akavuta pumzi, akauondoa mkeka. Ndio msamaha wenyewe, umekwisha, kwa mila hakuna anayeruhusiwa kulirudia jambo hilo. Akamrudishia bibi mkeka wake umelowa. Mimi niliposimama nikataka kumkumbatia. Akaweka mkono kifuani kwangu, si kwa nguvu. "Yeye alikosa kwa ujinga, Siniva. Wewe goti lako lilikuwa linagusa langu."

1 Februari

Leitu amekuja. Ardhi yetu imetoka, miaka mitatu. Ya Meripa imerudi, isipokuwa ule ukanda wa ukutani, maana dawa ni dawa hata ikiletwa na upepo. Mashine imehamishiwa kwake. Wanaume hawakutosha kuibeba, nami nikashika kona moja. Banda letu sasa lina alama nne za miguu ya mashine kwenye udongo.

3 Februari

Habari zimemfikia Sakaria, amempigia simu baba yako. Waliongea kidogo. Tangu hapo baba yako hali na sisi.

6 Februari

Nilikwenda kwa Meripa kuomba kazi ya kukuna. Nazi zetu siwezi kupeleka, lakini mikono haijakatazwa. Sose akatazama pembeni. Meripa akaninyooshea kidole mbuzi ya mwisho, ile iliyo kwenye moshi. Nimekuna mpaka jioni. Hakuniambia neno ila moja: "Usikwangue mpaka kwenye kifuu, mafuta yanatoka machungu." Kazi hiyo nimeifanya miaka sita. Nikasema, "Asante."

9 Februari

Shemeji wa mchungaji anaondoka kesho, kwa hiyo hapa ndipo naachia.

Baba yako ametaka kujiandikisha kuja huko kuchuma matunda msimu ujao. Mtu wa umri wake, na mgongo ule. Anasema huko hakuna anayemjua, atainama kwa watu wasiomtazama. Nimemwambia Meripa ameshaondoa mkeka. Anasema Meripa ameuondoa kichwani, yeye bado anausikia. Bibi yako amejifunika uso. Mimi sina nguvu ya kumzuia, maana kila nikifungua mdomo anaiona ile siku niliyosema nitamwambia Meripa.

Mwanangu, sikuombi unihukumu wala umhukumu. Nakuomba umpigie baba yako, si Jumapili wakati tumekusanyika, mpigie siku ya kazi akiwa peke yake. Mwambie unamhitaji nyumbani utakaporudi. Uandikishaji unafungwa mwisho wa mwezi huu. Akienda, sijui nani atarudi. Tafadhali Fuatino, ukimaliza kusoma mstari huu usingoje kuoga wala kula, tuma neno upesi.